Siku Niliyomwonyesha Mama Mkwe Jinsi Chembe Zinavyogusana

Nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka hujifunika shuka gubigubi. Nilipanda kijijini Kinole, milimani Uluguru, kujitambulisha kwa kina Mwajuma, mchumba wangu, naye alinionya tangu mjini, "Ukifika kwetu, mambo ya maabara yaache hukohuko." Nikaitikia. (Mimi ni mtu wa darubini, kutwa naangalia chembe nyeupe za damu, hawa askari wa mwili, na nikianza kuwazungumzia sina breki.)

Shikamoo zikaenda vizuri, na mjomba wake, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye neno la mwisho, akaanza kutabasamu, akaniuliza kazi yangu, nami nikajikuta nimeshawataja wale askari wa mwili. Mara mama yake, aliyekaa mkekani mbali kidogo na mimi kwa heshima, akauliza, "Hao askari hawana mdomo, sasa wanaambianaje kwamba adui kaingia?"

Swali tamu namna ile! Ningejibu kwa maneno yangeisha, lakini nikaona nionyeshe kidogo tu, nikasema habari nyingine haziendi kwa mbali, lazima wagusane, mmoja abebe kipande cha adui amwonyeshe mwenzake ana kwa ana, halafu amguse na mahali pa pili kumhakikishia kuwa hatari ni ya kweli, kwani akikosa mguso wa pili analala fofofo, hapigani. Na huku nasema nimeshaokota ganda la ndizi (ndiye adui), nimepiga magoti mkekani, nimemshika mama mkono, na mkono wangu wa pili unaelekea begani kwake.

Mama mkwe, jamani! Mtu ambaye hata mkono humpi!

Alipiga yowe akakimbilia ndani, kandambili akaziacha. Mwajuma akajifunika khanga usoni. Mimi nimepiga magoti na ganda langu.

"Kijana," mjomba akasema, "uchumba huu umesimama."

Nilitaka kulia, maana yule binti nampenda. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango, "Kaka, muulize kwanza. Huyo aliyekosa mguso wa pili akalala, huwa anaamka?"

"Wakati mwingine, mama," nikauambia mlango. "Akipata msaada."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Basi kalete mshenga, na jogoo wa kuomba radhi. Huo ndio mguso wako wa pili."

Tulioana. Mama maswali hayamwishi, huuliza akiwa upande wa pili wa mlango, nami humjibu kwa mdomo tu, mikono nimeikalia.