Keateka na Paja la Krismasi

Keateka, yule mtunzaji wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Kawangware, hawezi kuacha kitu kimefunikwa. Tangu asubuhi ya Krismasi paja zima la ng'ombe, chakula chetu sote, lilikuwa ndani ya pipa lake likiiva kwa moshi, na kila dakika tano alinyanyua kifuniko, akaibonyeza nyama kwa kidole gumba, kisha akamwita yeyote anayepita: "Kuja unuse. Imeanza kunukia?" Moto ukapoa. Moshi ukaingia kwa nguo nilizoanika. "Mzee, funika! Ama tutakula kesho, Boxing Day?" nikamfokea. Akafunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Dakika tano, kifuniko juu tena!

Saa kumi jioni, chapati zishakauka, ndipo akakata kipande cha kwanza, akakipuliza, akanipa mimi. Akashusha sauti. "Onja uniambie, Mama Wanja. Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii harufu wala ladha."

Ploti nzima ilisimama na sahani ikinitazama. Nyama ilikuwa chungu kwa moshi, na chumvi hakutia hata chembe.

"Imeweza! Tamu kabisa," nikasema kwa sauti, nikanyoosha mkono anipe kingine.