Mama Matundu na Bwana Juu

Mimi nauza feni. Nalisema mapema ili tusilaumiane: baridi sikuizoea, siipendi, na jiji lolote ambalo watu wake hulala na soksi mimi naona limenitukana. Lakini mama mdogo aliponipigia simu akasema, "Njoo upumzike kidogo huku kwetu kabla mvua hazijaanza," nilifunga duka nikapanda basi. Mama mdogo si mtu wa kuita watu. Asiyeita akikuita, nenda. Maswali utauliza ukishafika.

Nilimkuta stendi ananisubiri, mfupi vilevile, amejitanda shali juu ya sweta mbili. Akaitazama blauzi yangu ya mikono mifupi.

"Ndiyo umekuja na hiyo?"

"Ndiyo iliyokuwa safi, mama mdogo."

"Utanifia hapa, halafu mama yako anitie lawamani mimi." Akavua sweta moja akanivalisha palepale, mbele za abiria wote, akinivuta mikono kama mtoto anayepelekwa shule. Nina watoto wanaonipita urefu. Nikatulia nikavalishwa.

Jiji lile liko mgongoni mwa mlima, na barabara zake zinapinda hadi unakutana na duka ulilokwisha kulipita, ila sasa unaliona paa lake badala ya mlango. Asubuhi ukungu unakaa mitaani hadi watu wamemaliza chai. Kisha jua linatoka, kali, bila joto, jua la maonyesho tu. Na mwishoni mwa kiangazi kila mtu anatembea akiangalia juu. Wingu likiwa kileleni, watu wanafanya kazi zao. Likishuka mpaka mabegani mwa mlima, wanaanza kukimbia. Wanazibua mifereji, wanaanika magodoro, wanainua magunia ya mkaa juu ya matofali, na kila mtaa unanuka lami iliyochemshwa. Sehemu kubwa ya lami hiyo ilikuwa ya baba mdogo.

Kazi yao, yeye na mama mdogo, ni kuziba mapaa yanayovuja. Wanaifanya wawili, na sijaona wengine wanaoifanya hivyo. Jua likiwa utosini, mama mdogo anaingia ndani ya nyumba, anafunga mlango, anatundika mablanketi madirishani, anasimama gizani kimya hadi macho yazoee. Hapo matundu ya paa yanajitokeza, vidoa vya mwanga ambavyo huwezi kuviona taa ikiwaka. Anapanda juu ya meza, anachomeka njiti ya ufagio katika kila tundu mpaka ncha itokeze nje. Baba mdogo yuko juu na kopo la lami na vipande vya gunia. Akiona njiti imechomoza, anagonga bati mara moja: nimeiona. Mama mdogo anaivuta, yeye anapaka lami na kubandika kiraka. Wakimaliza, anamwaga ndoo ya maji juu, na mama mdogo anabaki ndani kuangalia kama kuna tone. Watu wa mjini wanamwita yeye Mama Matundu, na mumewe Bwana Juu, na wote wawili wanaitika.

Nyumbani kwao, bila shaka, panavuja. Mganga hajigangi. Nilionyeshwa kitanda changu na sufuria lake.

Nampenda mama mdogo kupita kiasi, basi nitasema na kasoro zake. Ni mbishi. Anakoroma halafu anakana. Anatia sukari kwenye chai ya mgeni bila kumuuliza, akiamini kwamba asiyetaka sukari ana huzuni. Lakini ukiwa na jambo moyoni, haulizi. Anakupa vitunguu umenye, anakaa karibu nawe, na kabla ya kitunguu cha tatu umeshasema yote. Safari hii vitunguu nilivichukua mimi nikamwekea yeye.

"Haya mama mdogo. Menya."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baba yako mdogo haoni," akasema. "Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ya huko kwenu wanatoa. Nimemwambia twende, anasema baada ya mvua. Mvua zikiisha anasema baada ya kiangazi. Na kila siku anapanda."

"Amekwambia haoni?"

"Aniambie wapi? Mwenyewe anadhani sijui. Nimefunga nyuzi nyekundu kwenye njiti ili azione. Wewe unamjua baba yako mdogo, hata nikihamisha kitana nitasikia maneno yake. Hizo nyuzi hajazitaja hata siku moja."

"Kwa nini usimwambie tu ashuke?"

Akamenya kitunguu hadi hakikubaki kitu. "Mtu umwambie jina lake si lake tena? Mwambie wewe. Wewe una mdomo."

Kumbe ndiyo likizo niliyoitiwa. Mdomo ninao kweli, nimewatoa dukani wanaume waliotaka kunirudishia feni walizozivunja wenyewe. Lakini baba mdogo alikuja mezani jioni ile, akapapasa kiti kabla ya kukaa, akanichagulia kipande kikubwa cha nyama akidhani ni kidogo, akaniuliza habari za kila mwanangu kwa jina. Nikameza nyama na maneno yangu yote pamoja nayo.

Siku iliyofuata wingu lilikuwa mabegani mwa mlima. Tuliitwa kwa mwokaji mikate, mtu mpana mwenye unga hadi kwenye nyusi, ambaye ghala lake lilikuwa limejaa magunia hadi karibu na paa. Unga ukilowa, mji mzima ungekosa mkate, na yeye angekosa usingizi. Alitueleza hayo mara nyingi. Mimi nilipewa kazi ya kushika ngazi. Baba mdogo alipanda haraka, maana miguu yake inaijua ngazi ile kuliko macho, na mimi roho yangu ikapanda naye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa juu, sasa nani amwambie?

Nikasikia bati likigongwa mara moja, kisha tena. Kazi ikaenda. Baba mdogo akaomba ndoo, nikampandishia, akamwaga.

Ndani mwokaji akapiga yowe.

Nilipanda ngazi nikachungulia. Njiti zilikuwa zimesimama pale juu na nyuzi zake nyekundu, zinacheza na upepo, hakuna iliyopakwa lami; kila mama mdogo alipovuta moja akaona tundu bado linawaka, aliirudisha. Pembeni yake, kila mahali palipokuwa na kichwa cha msumari kinachong'aa, palikuwa na kiraka kipya cha lami, kizuri, kimepigwa kwa ustadi. Alikuwa ameziba misumari. Katikati ya viraka hivyo baba mdogo alikuwa amechuchumaa na ndoo tupu, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

"Bwana Juu!" Mwokaji alikuwa ametoka nje, gunia lililolowa amelibeba mikononi. "Umeziba wapi wewe?"

Mama mdogo akatoka nyuma yake, macho yakimuuma kwa jua. "Si yeye," akasema upesi. "Kosa ni langu. Nilichomeka njiti pasipo na tundu."

Mwokaji alikubali, maana yeye anajua mikate tu. Lakini kule juu baba mdogo aliinua uso.

"Mama," akaita, taratibu. "Njiti inapitaje kwenye bati pasipo na tundu?"

Mama mdogo alijifuta mikono kwenye shali, ingawa haikuwa na kitu. Mimi nilishika ngazi kwa nguvu zote, na baba mdogo akashuka, mguu mmoja kisha mwingine, akasimama mbele ya mkewe.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ulipolisalimia koti lililoanikwa."

"Lilifanana na jirani."

"Ukaliuliza hali ya watoto."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na mwokaji naye akacheka bila kujua kisa. Baba mdogo hakucheka. "Jua likipiga bati naona weupe mtupu," akasema. "Napapasa. Kichwa cha msumari na njiti naona kitu kimoja tu."

"Utaanguka."

"Na nikishuka nitaitwaje? Bwana Chini?"

"Utaitwa mtu mwenye miguu miwili," mama mdogo akasema. "Mimi hiyo inanitosha."

Akamwacha amesimama, akageukia mlima, na hapo sote tuliona kwamba wingu lilikuwa limeshuka tena. Jua lilikuwa bado kwetu, lakini si kwa muda mrefu. Mwokaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaanza kueleza upya habari za unga wake. Nadhani ni kumkimbia mwokaji, zaidi ya kitu kingine, kulikomfanya baba mdogo aingie ghalani akafunga mlango. Nilimfuata. Mwenye hasira gizani kati ya magunia, tena haoni, si wa kuachwa peke yake.

Alikuwa amekaa juu ya meza, njiti zote amekwisha kuzichomoa kwa kupapasa. Nilitafuta maneno niliyotumwa kuyasema. Kabla sijayapata, yeye akasema, "Naona."

"Unaona nini, baba mdogo?"

"Lile pale. Na lile. Na lile la pembeni limekuwa kubwa kama sahani." Alikuwa akielekeza kidole, na kila alipoelekeza palikuwa na tundu. Mimi niliviona vidoa vidogo vya mwanga; kwake kila kimoja kilikuwa kimevimba na kufanya ukungu, lakini kwenye giza lile aliviona. Nje jua lilimmeza. Humu ndani halikuwa na la kumfanya. Akainuka, akaenda mlangoni akaufungua kidogo.

"Mama Matundu," akaita. "Mimi nachomeka. Wewe panda."

Mama mdogo alikuwa hajawahi kukanyaga paa maishani mwake. Nilitazamia ubishi, nikajiandaa kuusikiliza. Badala yake alijifunga shali kiunoni, akamwambia mwokaji, "Shika ngazi, unga ni wako," akachukua kopo la lami. Mimi niliitwa ndani nimshike baba mdogo miguu juu ya meza.

Basi tukawa wawili gizani. Alitafuta tundu la kwanza, akachomeka njiti. Juu yetu bati likalia: hatua moja ya mama mdogo. Kimya. Hatua nyingine.

"Kanyaga kwenye misumari!" baba mdogo akapaza sauti. "Usikanyage katikati ya bati!"

Bati likagongwa mara moja. Nimeiona. Akavuta njiti, tukasikia lami ikipakwa. Tundu likazimika. Tukaendelea hivyo, la pili, la tatu, na mimi nikaanza kufurahi. Lakini miguu ya baba mdogo mikononi mwangu haikuwa inatulia. Alikuwa ameacha kutazama matundu. Uso wake ulifuata hatua za mkewe kutoka upande huu wa paa hadi ule, na kila bati lilipolia alikaza vidole vya miguu, kana kwamba anayetembea huko ni yeye.

Kisha bati likapiga kishindo, kikubwa, halafu hapakusikika kitu. Wala hatua, wala kugonga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawaza. Baba mdogo alinishika bega kwa nguvu hata nikaumia. Alifungua mdomo aite.

Likagongwa. Mara moja, kavu, kama mtu aliyekasirishwa.

Baba mdogo alikaa chini mezani.

"Mwanangu," akasema, "hivi ndivyo alivyokuwa akisikia humu ndani? Miaka yote hii?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na akitoka ananiuliza kama nimechoka."

Mimi mwenye mdomo nilikuwa nalia, na niseme ukweli, giza lilinisaidia.

Akasimama tena, akaweka mdomo karibu na bati. "Mama! Shuka, mama. Shuka. Inatosha."

"Nishuke na unga wa watu uko wazi?" sauti ya mama mdogo ikaja kutoka juu, imejaa ubishi. "Wingu hulioni? Lete njiti!"

"Hilo ndilo jibu langu," baba mdogo akasema polepole, mimi nikisikia. "Neno kwa neno. Hivyo ndivyo ningemjibu."

Alipapasa meza akapata njiti nyingine, akaichomeka kwenye tundu. Kule juu hatua zikaanza kuja, moja moja, zikilia juu ya vichwa vyetu. Alisubiri mpaka zilipofika, mpaka bati lilipogongwa, ndipo akaniinamia.

"Basi la kwenda kwenu," akasema, "kesho linaondoka saa ngapi?"