Mwalimu wa Madini Yasiyo na Kilo

Juzi tulimzika jirani yangu, mwalimu wa fizikia hapa Likasi, mji wetu wa migodi. Jeneza lake lilikuwa zito hata wabebaji wakalitua njiani ili wapumue, jambo ambalo lingemuudhi, kwa kuwa maishani hakuheshimu kitu kinene. Alikuwa na jiwe laini la kijivu liitwalo molibdenaiti. Kila Jumapili, wenzake wakiwa kanisani wakikemea mapepo, yeye alilibandua kwa utepe wa gundi, tabaka baada ya tabaka, hadi akapata utando wenye unene wa atomi tatu. Mkewe alisema heri angeolewa na mlevi, maana walevi angalau hulala.

Alinieleza kazi hiyo mara nyingi, nami nilianza kuelewa kwenye bia ya pili. Mwanga ukiupiga utando huo, elektroni huruka na kuacha tundu; viwili hivyo huvutana na kutembea pamoja kama wanandoa walionuniana, kisha vikirudiana hutoa mwanga. Jozi hiyo ndiyo eksitoni. Haina chaji, kwa hiyo umeme hauiswagi kirahisi. Basi yeye aliutandaza utando kwenye kioo chenye kinundu kidogo mno, uvutike hapo, ili eksitoni zikimbilie pale alipotaka yeye. Kujua kama zimetii, ilibidi kioo kimfikie rafiki yake wa Ulaya mwenye darubini ya kufaa.

Tulipanda basi kwenda Lubumbashi kukituma. Kwenye kizuizi cha barabarani, mkaguzi akakishika.

— Papa, hii njo madini?

— Njo madini, mwalimu akajibu.

— Iko na kilo ngapi?

— Haina kilo.

— Madini yenye haina kilo? Weye unatufichaka kitu!

Akakipangusa kwa kidole gumba, akitafuta madini chini yake. Kazi ya miezi ikaishia kwenye suruali ya serikali. Nilicheka sana, hadi nilipomwona mwenzangu analia.

Akaanza upya. Kioo cha pili kilipita ndani ya Biblia ya shemeji yake, ambayo haifunguliwi na mtu. Mwezi uliopita alinionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na yule rafiki wa Ulaya: giza, na nukta moja ya mwanga.

— Njo hii tu? nikamuuliza.

— Njo hii tu. Lakini miye njo niliiambia pa kwenda.

Nimezeeka katika mji huu nikitazama malori yakiondoka na mali yetu, na hakuna aliyewahi kutuuliza iende wapi. Tumezoea kiasi kwamba hata kujiuliza wenyewe tumeacha, na hilo linaniuma kuliko msiba. Katika wote niliowafahamu hapa, ni yeye peke yake aliyeamua kitu kilichotoka mikononi mwake kiende wapi, nacho kikaenda.