Kitabu cha Nyuki cha Mama Bukuru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Kasulu ilikuwa imefunikwa na ukungu. Nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kimoja, rafu mbili za vitabu na mhuri wa tarehe. Nikawa mkutubi, yaani mtunza maktaba, na kwa majivuno nikaugonga mhuri ule hata pasipohitajika.

Baadaye nikahamishiwa maktaba ya kijiji huko Kibondo. Waliohitimu kisomo cha watu wazima waliazima vitabu ili wasisahau herufi. Sheria ilikuwa siku kumi na nne, kisha kitabu kirudi.

Mama Bukuru, aliyekuwa amemzika Butoyi, pacha wa Bukuru wake, aliazima kitabu cha ufugaji nyuki. Kila siku kumi na nne zilipotimia alikirudisha, nikagonga mhuri, akakichukua tena. Miezi mitano! Wala hakuwa na mzinga hata mmoja.

Afisa Elimu alipokuja kukagua, alilipitia daftari la kuazimia akakunja uso.

"Mkutubi, hiki kiende kijiji cha Kasanda kwa wafugaji. Huyu mama anakichezea tu."

Mama Bukuru alikuwa mlangoni, amekikumbatia. Nilitaka kumtetea, nikaishia kuinamia mhuri wangu. Naona aibu mpaka leo.

"Mzee, mimi sitafuti asali," alisema mwenyewe. "Tangu mwanangu azikwe, kichwa hakitulii. Mstari mmoja unanichosha kuliko kulima. Lakini nikiufuata kwa kidole, moyo unapumzika."

"Hebu soma."

Akasoma. Neno, kimya, neno. Jasho lilimtoka. Nje ukungu ulikuwa ukipanda kilima polepole, na mle ndani nyuki wa kitabuni walitoka mzingani mmoja mmoja. Afisa alivua kofia akaketi kwenye benchi.

"Mgongee mhuri tena," aliniambia.

Miaka kadhaa baadaye, maktaba ilipofungwa kabisa, nilimwachia kitabu chake.

Sasa nimestaafu, hapahapa Kibondo. Miaka yote ile niligawa vitabu bila kusoma hata kimoja kwa ajili ya nafsi yangu, mganga hajigangi. Mke wangu alipofariki, nilikaa kibarazani siku nyingi nikitazama vilima bila kuviona. Mwishowe nikajikongoja hadi kwa Mama Bukuru.

Aliingia ndani, akatoka na kile kitabu cha nyuki, kurasa zimelegea.

"Siku kumi na nne, mkutubi," alisema.

Bado ninakirudisha kwa wakati, naye bado ananiazimisha tena.