Nilivyogeuka Gogo kwa Sababu ya Hita

Jamani, najua wengine mmeshaisikia hii habari ikiwa imetiwa chumvi, kwamba nilivaa gauni, kwamba nilijitanda ushungi wa mke wangu, na kuna mmoja anasema nilipaka wanja. Sikuvaa gauni. Nilivaa blanketi. Aibu yenyewe inatosha bila kuongezewa nguo, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, mcheke mara moja mmalize.

Ilikuwa Juni ya 2018, hapa hapa Johannesburg, tumepanga chumba cha uani kule Kensington mimi na mke wangu Zuhura. Sote wawili ni watu wa Tanga, na mtu wa Tanga hajawahi kununua joto. Kwetu joto linakuja lenyewe asubuhi, unalikimbia kutwa nzima, na jioni unalikuta limekusubiri barazani. Huku baridi ya Juni inapita chini ya mlango kama mpangaji mwenye ufunguo wake, mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa mpaka uyachokoe kwa kijiko, na dawa yake ni hita, na hita inakula umeme vibaya sana. Na umeme wenyewe unanunua yuniti kabla, unaingiza namba kwenye mita, halafu unakaa unazitazama zikipungua (nasema unakaa unazitazama, lakini aliyekuwa akizitazama ni mimi peke yangu).

Zuhura alikuwa akiingia tu ndani, hata kitambaa hajavua kichwani, anawasha hita. Akienda bafuni, mimi nazima. Akirudi, anawasha. Hatugombani kwa sauti, tunagombana kwa vidole.

"Vaa sweta," namwambia.

"Nimevaa mawili."

"Vaa la tatu."

"Mbaruku, nikivaa la tatu mikono haitakunjika. Utanilisha wewe?"

Basi Jumapili moja yuniti zikaisha wali ukiwa jikoni, katikati ya kuiva, na maduka ya jirani yote mtandao umekatika, hakuna anayeweza kutuuzia umeme. Tukala mkate na wali ule tukautazama. Mimi nikapandwa na hasira, nikaifunga hita kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, nikapanda kwenye kiti, nikaiweka juu ya kabati, nikasema hiyo haishuki mpaka Septemba. Zuhura alinitazama kutoka kitandani amejifunika mpaka shingoni, akasema, "Sawa. Hutanisikia tena nikitaja baridi." Mwanamume mwenye akili angeogopa ile "sawa". Mimi nilifurahi.

Na kweli, hakuitaja tena. Ila siku chache baadaye nikaanza kuona mambo. Zuhura anafanya kazi kwa fundi wa kurekebisha nguo kwenye barabara kubwa, wanafunga saa kumi na moja, na kutoka pale mpaka kwetu ni mwendo mfupi tu. Sasa akawa anaingia giza limeshatanda. Tena anaingia amechangamka, anaimba, na ukimshika mkono una moto. Nje watu wanatoa moshi kinywani, mke wangu anarudi na mikono ya moto. Halafu ile harufu. Harufu tamu ya maua, si ya udi wala ya marashi ninayoyajua mimi, imemganda kwenye nguo mpaka kwenye kitambaa cha kichwani.

"Leo mmechelewa kufunga?" nikamuuliza.

"Kidogo," akasema, akaenda kukata vitunguu.

Hapo ndipo ningemuuliza swali la pili, na haya mengine yote yasingetokea. Sikuuliza. Niseme ukweli, niliogopa jibu. Nilikuwa nalala nikitazama ule mfuko juu ya kabati, nikijiambia: Mbaruku, umeokoa umeme, umepoteza mke.

Nikamdanganya bosi wangu kwamba jino linaniuma (natengeneza makochi kwenye karakana moja Doornfontein), nikawahi Kensington, nikajibanza ng'ambo ya barabara. Zuhura akatoka kazini. Hakuelekea nyumbani. Akapita milango kadhaa, akaingia londri ya Mama Furaha, mama mmoja Mkongomani wa Bukavu ambaye nilikuwa namjua kwa jina tu. Kioo cha ile londri kilikuwa kimejaa mvuke, lakini mtu alikuwa amekifuta kwa kiganja, na kwenye lile dirisha dogo nikamwona mke wangu anacheka. Mbele yake amesimama mwanamume mrefu mwenye sare za ulinzi, anampa kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ambayo siijui. Alipofika, nilisema nimeshakula. Sikuwa nimekula.

Kesho yake nikafanya lile jambo. Karakana kwetu yapo mablanketi mazito ya kijivu tunayofungia makochi yasichubuke njiani, na mnajua wenyewe kwamba baridi ikikaza mji huu kina bibi wanatembea na blanketi mwili mzima, hakuna anayewauliza. Mimi ni mfupi. Ndevu hazijawahi kunikubali. Nikachukua blanketi moja, nikajizungushia mpaka chini ya macho, nikavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, nikajikunja mgongo, nikaingia londri nikiburuta mguu. Nilisema nitakaa pembeni, nitaona kwa macho yangu, nitatoka. (Sikuwa nimepanga nikishaona nifanye nini. Nafikiri ningelia.)

Mle ndani kulikuwa na joto, jamani. Mashine za kukaushia zimejipanga ukutani zinazunguka, hewa ni ya Tanga kabisa, na ile harufu tamu ya maua ikanipiga usoni mlangoni pale pale, kwa sababu ilikuwa ni ile dawa ya kulainishia nguo, madumu yake yamepangwa kwenye rafu. Ningekuwa mtu wa kufikiri ningegeuka hapo hapo. Lakini Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu kabisa na mashine, akaniona, akainuka.

"Gogo," akasema (huku ndivyo wanavyomwita bibi), kisha kwa Kizulu chake cha kuokoteza na ishara za mikono, "njoo kaa hapa, hapa pana moto."

Akanishika kiwiko. Mke wangu mwenyewe akanishika kiwiko taratibu, akanikalisha kwenye kiti chake, akanivutia blanketi vizuri magotini. Kisha akanipa kikombe chake cha chai. Nilitikisa kichwa kukataa, maana ningekunywaje na uso umefunikwa, akakiweka sakafuni karibu na miguu yangu, akavuta kigoda akakaa kando.

Yule mlinzi naye alikuwepo, anaitwa Dezire, Mrundi, kumbe ameleta sare zake, na Zuhura akachukua shati lake, akatoa sindano, akaanza kumshonea kifungo huku wanazungumza habari za mke wa Dezire anayekuja mwezi ujao kutoka Bujumbura. Wanazungumza habari za mabasi na vyumba vya kupanga. Nikazidi kuzama ndani ya blanketi.

Mama Furaha alikuwa anakunja mashuka. Akasema, "Zuhura, bwana yako anajuaka kama unakuyaka huku kila siku?"

"Hajui."

"Sababu gani haumwambie?"

Zuhura akakata uzi kwa meno. "Nitamwambia nini? Kwamba nyumbani kwake nasikia baridi? Mama Furaha, yule mtu akitoka kazini kitu cha kwanza anakwenda kwenye mita. Anasoma namba, halafu ananigeukia anasema, 'Leo tumekwenda vizuri.' Uso unamng'aa. Makochi ya watu yanamvunja mgongo kutwa nzima, hicho ndicho kitu kinachomfurahisha. Mimi nikae hapa nipate moto wangu, nirudi nimekwishapashika, yeye afurahi na namba zake. Nani ameumia?"

Aliyeumia alikuwa amekaa pale pale amefunikwa blanketi. Joto lilikuwa limeshanizidi, jasho linanitiririka mgongoni, na vumbi la makochi na vipande vya sponji vilivyoganda kwenye lile blanketi vikaanza kunipanda puani. Nikapiga chafya. Nikapiga nyingine. Mama Furaha akanitazama, akatazama blanketi.

"Ii blanketi iko chafu sana, mama wangu. Toa, nikufulie. Bure."

Nikalikumbatia. Akashika ncha moja akavuta kwa upole. Nikavuta kwangu.

"Hasikii," akasema Dezire.

"Labda hana nguo nzuri ndani, mwacheni," akasema Zuhura. Kisha akatoa simu yake. "Ngoja nimpigie huyu bwana nijue nipitie nini dukani, jana alisema ameshakula na mimi nilijua hajala."

Sasa, mlio wa simu yangu ni jogoo. Niliuweka kwa ajili ya kuamka alfajiri, jogoo mkubwa, anawika mpaka mwisho wa pumzi, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, chini ya blanketi nililojizungushia kama kifurushi cha posta. Akawika. Nikatafuta upenyo wa mkono nikakosa. Akawika tena.

Mama Furaha akarudi nyuma hatua. "Huyu mama iko na kuku."

Dezire akasimama, kazi yake ikamjia. "Gogo, fungua hiyo blanketi tuone."

Nikaamua kuondoka. Niliinuka kwa haraka isiyo ya bibi, nikakanyaga pindo la blanketi, nikapiga teke kile kikombe cha chai, nikaenda chini kifudifudi kwenye kapu la taulo za watu. Nilipoinuka blanketi lilibaki sakafuni, kofia imeanguka, nywele zimejaa sponji, nina buti zangu za kazini na koti langu la kazini, na jogoo bado anawika kifuani. Kina mama wawili waliokuwa wanasubiri nguo zao walianza kucheka kabla hata hawajajua mimi ni nani. Waliponijua ikawa balaa.

Zuhura alikuwa bado ameshika simu sikioni. Akaikata. Jogoo akanyamaza.

"Unapatikana," akasema.

Alinitazama, akatazama blanketi, akamtazama Dezire, na nikaona uso wake unabadilika anapounganisha mambo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuanguka.

"Ulifikiri nina mwanamume."

Mashine zinazunguka. Nikasema, "Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Ulikuwa unarudi una moto."

Alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa lile shati la Dezire, mabega yanatikisika, na mimi nikapiga magoti kwenye chai iliyomwagika nikimwomba msamaha mbele ya watu wote, nasema Zuhura nisamehe, sikujua, ningejuaje, mpaka alipolishusha shati nikaona kwamba machozi yapo lakini anacheka, anacheka mpaka hawezi kuvuta pumzi.

"Nilikujua kwenye chafya," akasema alipoweza kusema. "Nikasema nimpigie nihakikishe."

"Na yale uliyoyasema kwa Mama Furaha?"

"Hayo niliyasema kabla ya chafya," akasema, na hapo hakucheka.

Mama Furaha akalitia blanketi kwenye mashine bila kuniuliza. Ikabidi nisubiri likauke, nimekaa na mke wangu kwenye kiti kimoja, nusu yangu nusu yake, kila anayeingia anasimuliwa upya nikiwepo. Dezire alinipa mkono akasema hana kinyongo, ila anaomba nimwachie Zuhura amalizie kifungo.

Tulirudi nyumbani tumebeba lile blanketi pamoja, lina moto na linanukia maua. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha hita. Tukakubaliana: inawashwa akiingia, inazimwa tukipanda kitandani, na mita ataisoma yeye, aniambie habari njema tu. Nikaweka na miguu yangu mbele ya hita, na Zuhura ni shahidi, mimi ndiye niliyesema tuiache kidogo.

Barabarani pale bado naitwa Gogo. Nikipita londri Mama Furaha anatoka kuniuliza kuku wangu hajambo. Nimevumilia, nimestahili. Lakini kumfuata mke wangu tena, iwe kwa blanketi au bila blanketi, sithubutu. Siku hizi akichelewa nampigia namuuliza yuko wapi. Ananijibu yuko kwa bwana wake mwingine, yule mwenye joto. Namwambia anisalimie huyo bwana, na abakishe joto kidogo aje nalo nyumbani.