Neno la Kumwekea Baba

Ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya Homa Bay ni sauti hiyo ya nyundo, iliyotoka kwenye karakana ya seremala nyuma ya chumba tulichopanga mimi na mama. Karakana yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mwenye karakana, fundi Ouma, alikuwa amepanda mashua kwenda kuezeka kanisa kisiwani, na mashua ikapinduka mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Mpwa wake Akinyi, niliyekaa naye dawati moja darasa la sita, aliniambia kuwa ni bati lililolegea, linagongwa na upepo. Siku za upepo nilimwamini. Lakini zilikuwapo siku ambazo hata jani halikutikisika, ziwa limetulia kama limeshika pumzi, na sauti ikaja vilevile. Siku hizo tulitazamana tu, tukaendelea kuosha vyombo.

Sisi tulitoka Bujumbura katikati ya miaka ya tisini. Tulipita Tanzania, tukavuka mpaka pale Sirari, tukakaa Migori miezi michache, hadi mama alipopata kazi ya kushona Homa Bay. Baba hakuwa nasi. Siku tuliyokimbia alisema anarudi mara moja kumchukua bibi, tukutane mbele barabarani, na hatukumwona tena. Kiswahili nilikuwa nacho tangu mtaani kwetu, lakini shuleni nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza kilinitesa, hasa maneno ya kueleza mtu au kitu kilivyo. Nikupe mfano. Kifaransa kina neno “grand”, ambalo ukilitumia kwa mtu mara nyingi unamaanisha ni mrefu. Kwa kulifuata neno hilo, niliandika katika insha kwamba mama yangu ni “big”. Darasa zima lilimjua mama, jinsi alivyokonda, nalo likaangua kicheko. “Nyar Burundi,” alisema Akinyi, yaani binti wa Burundi, jina walilonipa wote, “huyo mama mnene umemficha wapi? Huyu tunayemwona sisi atapeperuka siku moja.”

Mwalimu Rose, aliyetufundisha Kiingereza, hakucheka. Aliniita mezani kwake. “Usianze na neno la Kifaransa ukalitafutia pacha,” aliniambia. “Funga daftari. Kitazame kitu chenyewe kwanza. Mama yako akiingia ndani, anauziba mlango au anainama?” Nikamwambia anainama. “Basi huyo ni ‘tall’. Umeona? Jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo.” Kuanzia hapo niliacha kuyaogopa maneno. Kila nilipokwama kati ya mawili yaliyofanana, nilifumba macho nikakitazama kitu, na mara nyingi kitu chenyewe kilinichagulia.

Muhula wa pili kanisa moja lilitangaza nafasi za shule ya bweni kwa watoto yatima, na Mwalimu Rose akanipa fomu. Palikuwa na mstari mmoja ulioanza “My father is”, na pengo la neno moja. Alinieleza bila kuzunguka. Nikiandika “late”, yaani marehemu, nafasi ni yangu. Nikiandika “missing”, yaani hajulikani alipo, fomu itawekwa kando. Nyumbani tulikuwa na neno moja la Kifaransa, “disparu”, yaani aliyetoweka, na lilitutosha kwa sababu halikutulazimisha kuamua. Mama alilitumia hata alipozungumza Kiswahili na majirani, kisha akabadili mazungumzo. Kila jioni alipakua chakula katika sahani tatu, ya tatu akaifunika na kuiweka karibu na mlango. Asubuhi niliikuta tupu. Sikuwahi kumuuliza ni nani aliyekula.

Wiki hiyohiyo ukoo wa Ouma ulimzika. Kwa Waluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago, ule mti ambao wengine huuita mvungunya. Tunda hilo ni refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Saa nane mchana nililiona likiwa limeviringishwa katika shati la kazi la Ouma, penseli yake bado mfukoni. Waliliteremsha taratibu, wakiambiana “pole, pole, shika kichwa,” na sote tukatazama upande ambao kichwa kingekuwa. Mjane alilia hadi akachoka, akanyolewa nywele, akapewa uji akanywa. Bibi yake Akinyi alimshika mama mkono. “Nyathina,” alisema, neno lao la kumwita mtu mwanangu, “na wewe mzike wako. Utapata usingizi.” Mama alitazama udongo. Tangu siku hiyo Akinyi aliapa kwamba nyundo imenyamaza. Mimi niliisikia mara mbili zaidi, wala sikumwambia.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo aliniachia fomu. “Wewe ndiye unayejua maneno yao,” alisema, akarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shule ya bweni niliitaka kwa moyo wote. Nikafumba macho. Ouma alionekana akizama. Baba nilimwona mgongo wake tu, shati la kijivu, akipinda kona. Baada ya kona sikuona kitu. Nikaandika “missing”.

Mwalimu Rose aliisoma akiwa amesimama. “Unajua nafasi itakwenda kwa mwingine?”

“Najua, Mwalimu.”

Alichukua penseli, akaweka alama ya vema kando ya neno lile, kama vile lilikuwa zoezi la darasani. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, nami nikamaliza shule ya kutwa.

Leo nafundisha Kiingereza, na umri wangu umeshapita ule aliokuwa nao baba. Wanafunzi wangu wana simu zinazowapa maneno kumi badala ya moja, na bado inabidi niwaambie wafumbe macho watazame. Mama alifariki mwaka jana. Akinyi, ambaye sasa ana duka la uchapishaji, ndiye aliyeandaa karatasi ya ratiba ya mazishi. “Niweke mke wa marehemu Fabien, sivyo?” aliniuliza, akilitaja jina la baba.

“Weka mke wa Fabien.”

“Nyar Burundi. Miaka yote hii?”

“Weka hivyo.”

Aliyeongoza ibada alikuwa mgeni kwetu. Kaburini aliinua kipaza sauti, akasoma karatasi kama ilivyoandikwa, kisha akasema kwa upole, “Sasa tumkaribishe mume wake, mzee Fabien, aje aweke udongo wa kwanza.” Hakuna aliyemsahihisha. Watu waligeuka kutazama langoni, waliokuwa njiani wakasogea kupisha, nami, mtu mzima na mwalimu wa watu, nikageuka nikatazama pamoja nao.