Programu Iliyoniozesha Buganguzi

Hadi leo nikienda nyumbani Buganguzi napita njia ya nyuma, katikati ya migomba, maana kule kuna watu bado wananiita bibi harusi, na mimi sijaolewa wala sijaposwa, na aibu yote hiyo niliitengeneza kwa vidole vyangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Ninaishi Bukoba mjini, Kitendaguro, naandika programu za kompyuta, na tata (baba yangu, ni katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa) aliniomba programu ya kuwatumia wanachama ujumbe wa simu. Nikatengeneza ile ya kuendeshwa kwa amri za kuandika, haina vitufe: unaandika jina lake, kisha unaongeza maneno ya kuielekeza, tunayaita machaguo. Nikiongeza --jaribu, inanionyesha ujumbe kwenye skrini tu, haimtumii mtu. Deo, mwenzangu wa kazini, alinishauri kazi ya kusoma machaguo niiachie laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari na watu waliokwisha kuumia kabla yetu. Nikamwambia, maneno mawili matatu yatanishinda nini? Nikaandika mwenyewe, na neno ambalo programu yangu haikulijua ililiruka kimya kimya. (Hapo ndipo nilipojichimbia.)

Sasa ujumbe wa kujaribia. Mawe, mama yangu, alikuwa amenipigia wiki hiyo kuniuliza nitaolewa lini, basi nikacheka peke yangu nikaandika: "Binti wa katibu anaolewa leo saa kumi. Karibuni nyumbani nyote."

Siku ya kuwaonyesha wazee wa kikundi ofisi ilijaa, tata amevaa koti la kanisani, na mimi najionyesha, naandika bila kutazama vidole. Badala ya --jaribu nikaandika --jarubu. Programu haikusema kitu, ikaliruka. Ikalia simu ya mwenyekiti, halafu ya mzee aliyekaa karibu na mlango, halafu mifuko yote ya makoti ikalia kwa pamoja, na kupitia dirishani nikasikia nyingine zikilia barabarani na huko mashambani. Naapa, kwa kitambo nilisahau kuogopa. Kitu nilichokiandika kwa utani nikiwa kitandani kilikuwa kinatembea kwenye vilima vyote. Kisha tata akasoma simu yake, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Koku, unaolewa na nani?"

Ujumbe wa kukanusha haukwenda, salio lilikuwa limeisha lote. Tukakimbilia nyumbani tukamkuta mawe analia kwa furaha, na kabla hatujamaliza kumweleza watu wakaanza kushuka: mikungu ya ndizi kichwani, vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwaya ya Kilutheri na sare zake, bibi kizee mmoja akisukumwa juu ya baiskeli. Waliacha majembe palepale shambani wakaja, na hakuna aliyeuliza mbona ghafla. Sikuwahi kujua kwamba watu wote wale wangeweza kuinuka kwa ajili yangu.

Nikapanda juu ya benchi, nikawaeleza kwamba bwana harusi hayupo, nilikosea herufi moja. Ndipo yule bibi wa kwenye baiskeli akasema, "Waitu, mwana wangu, ndizi zimeshakuja. Hazirudi kilimani."

Mawe aliingia chumbani hakutoka hadi giza, lakini wengine walimenya, wakapika, wakala, kwaya ikaimba nyimbo zake zote za harusi, na tata akalazimika kutoa hotuba ya shukrani bila kujua hasa anashukuru nini.

Niliporudi mjini niliifuta ile sehemu yangu, nikaweka laibrari, nikaandika --jarubu makusudi. Ikakataa kuendelea. Ikaniambia neno hilo programu yangu hailijui, ikaniuliza kama nilimaanisha --jaribu. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, alikuwa amekifikiria kidole changu kabla hakijateleza.

Kuandika tena machaguo kwa mkono wangu? Thubutu. Na ujumbe wa kujaribia siku hizi naandika "Habari za leo," basi, ili hata ukiponyoka, mtu ajibu "nzuri" aendelee kulima.